Namna ya Kumchagulia Mtoto Jina la Asili Litakalopatana na Majina ya Ndugu Zake

Mtoto wa kwanza hupewa jina ambalo halina wenzake, lakini wa tatu au wa nne huingia katika nyumba yenye majina tayari, na jina lake, watu wapende wasipende, litatajwa pamoja na hayo kila siku. Wazazi wengi wakifika hapo hukimbilia herufi: wakubwa ni Zawadi na Zuhura, basi na huyu sharti aanze na Z. Kwa majina ya asili ya Afrika Mashariki njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu majina hayo hayakupangwa kwa herufi, bali yalitolewa kwa kufuata kanuni, kama vile saa ya kuzaliwa, tukio lililokuwapo, mzee anayerithiwa au nafasi ya mtoto tumboni na katika uzao. Majina ya ndugu huonekana kuwa ya nyumba moja pale yanapotokana na kanuni moja, hata kama hayafanani hata kwa silabi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta jina jipya, chukua karatasi uandike majina ya wakubwa, na mbele ya kila jina uandike sababu iliyolileta. Usitosheke na maana ya neno peke yake. Jina Masika maana yake inajulikana na kila mtu, lakini linalotakiwa hapa ni kujua kama mtoto huyo alizaliwa wakati wa mvua za masika au alirithi jina la bibi yake, kwani katika hali ya kwanza mdogo wake anatafutiwa jina la majira, na katika hali ya pili anatafutiwa mzee. Ikiwa sababu imesahaulika, waulize mashangazi na mabibi, ambao aghalabu hukumbuka mambo haya kuliko wazazi wenyewe.

Kanuni ya wakati ndiyo iliyo rahisi kuifuata. Katika Kijaluo jina la namna hiyo hubeba wakati na jinsia kwa pamoja: mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno na msichana ni Atieno, aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth, na wa jioni ni Odhiambo au Adhiambo. Wakalenjin nao huwa na jozi kama Kiprop na Cherop, wote wawili wa mvua, na Kiswahili kina Chausiku kwa msichana wa usiku, Jumaa na Mwanajuma kwa waliozaliwa Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi kwa Alhamisi, pamoja na majina ya miezi kama Rajabu, Shabani na Ramadhani. Ndugu wanaoitwa Akinyi na Adhiambo ni asubuhi na jioni ya nyumba moja, na hakuna aliyelazimika kuwatafutia ulinganifu. Ugumu hutokea pale mtoto wa pili anapozaliwa saa ileile ya mkubwa wake. Hapo wazazi wengine hushawishika kusogeza saa kidogo ili wapate jina zuri, jambo ambalo mimi siliungi mkono hata kidogo, kwa kuwa jina la namna hii ni ushahidi, na mwenye jina atakuja kuulizwa habari za kuzaliwa kwake. Afadhali kutafuta jambo jingine lililokuwa kweli siku hiyo, liwe mvua, safari, wageni waliokuwapo au sikukuu, maana lugha zetu zina akiba kubwa kuliko tunavyodhani.

Baada ya mapacha huna la kuchagua, na hilo ni nafuu. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija. Kwa Wajaluo ni Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo wakiwa wasichana, kisha Okello au Akello. Kwa Waganda wavulana ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nakato, na mdogo wao ni Kizza.

Kanuni ya ukoo nayo huacha nafasi ndogo, lakini ina hatari yake. Kwa mpango wa Wakikuyu, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama; msichana wa kwanza huchukua la bibi mzaa baba na wa pili la bibi mzaa mama, na wanaofuata hurithi ndugu za wazazi. Ikiwa wakubwa walipewa majina kwa mpango huo, mdogo akipewa jina lililopendwa kwa mlio wake tu hatakuwa amekosewa yeye peke yake, kwa maana upande mmoja wa ukoo utakuwa umerukwa, na watu watahesabu. Anayetaka kuuacha mpango huo na azungumze na wazee kabla ya mtoto kuzaliwa, asingoje siku ya kutangaza jina.

Penye uhuru mwingi zaidi, na kwa hiyo penye makosa mengi zaidi, ni kwenye majina yanayotokana na maneno ya kawaida ya Kiswahili. Neema, Baraka na Zawadi hukaa pamoja bila tabu, kwa sababu yote matatu hushukuru. Shida, Tabu na Mashaka ni majina ya heshima vilevile, nayo yalieleza hali ya nyumba wakati wa uzazi, wala hayakuwa matusi kwa mtoto. Hata hivyo, Mashaka anayelelewa kati ya Neema na Baraka atauliza siku moja kwa nini yeye, na mzazi awe na jibu la kweli. Wapo wanaoshauri kwamba mdogo wa Mashaka aitwe Faraja, kwa kuwa baada ya dhiki ni faraja. Jozi hiyo inapendeza masikioni mwa watu wazima, ila mkubwa akishaielewa methali ataona kwamba yeye ndiye dhiki. Majina ya idadi nayo yahitaji tahadhari: ukiwa na Mosi na Pili, umekwisha kujifunga kwa Tatu, na ikitokea katikati mimba imeharibika au mtoto amefariki, hesabu hiyo itakuwa ikiugusa msiba kila inapotajwa.

Nyumba nyingi hata hivyo zina wakubwa wenye majina ya dini au ya kigeni, na jina la asili linawazwa kwa mara ya kwanza kwa huyu mdogo. Hapo usitafute mlio, tafuta maana. Irene ni neno la Kigiriki lenye maana ya amani, Felix kwa Kilatini ni mwenye bahati, na Theodore ni zawadi ya Mungu; kwa hiyo Bahati anaweza kuwa mdogo wa Irene, na Amani mdogo wa Felix, wote wakiwa katika uwanja mmoja wa heri. Nakushauri usichague jina ambalo ni tafsiri kamili ya jina la mkubwa, Irene kwa Amani, kwa maana utakuwa umewapa watoto wawili jina moja. Kwa majina yenye asili ya Kiarabu angalia mzizi: Salimu, Salma na Salama ni tawi moja, nalo ni zuri kwa watoto wawili, lakini watoto watatu wa mzizi mmoja huchanganya hata mama yao. Na kama wakubwa wataona kwamba mdogo amepewa kitu wasichokuwa nacho, wape nao majina ya nyumbani ya asili, kwa kanuni ileile, yakatumike kweli.

Ukishabakiwa na majina mawili au matatu, yajaribu kwa kuyaita. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu akiitwa kwa mbali ni silabi mbili za mwisho zinazomfikia. Simama mlangoni jioni uwaite Rehema na Neema wanaocheza nyuma ya nyumba: kitakachofika huko ni «-ema» tu, na ama watakuja wote wawili ama kila mmoja atadhani ameitwa mwenzake. Zawadi au Subira angeondoa adha hiyo papo hapo. Jaribu pia vifupisho ambavyo watu watavitumia bila idhini yako, kwani Mwanahamisi na Mwanaisha wakiitwa Mwana wote wawili, kazi yote ya kuchagua imepotea.

Mwisho angalia karatasi za serikali. Palipo na desturi ya majina matatu, ndugu wote hushiriki jina la baba na la babu, hivyo jina la kwanza pekee ndilo linalowatofautisha. Watoto watatu wenye herufi moja ya mwanzo watakuwa mtu mmoja kila mahali panapoandikwa herufi badala ya majina. Kabla ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, toa vyeti vya wakubwa uvisome, kisha uliandike jina la baba kama lilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi: kama ni Khamis kwa wakubwa, lisiwe Hamisi kwa mdogo.