Somo: Namna ya kula bufee kubwa ya kifahari bila kushibishwa mkate

Ukilipa mara moja ule hadi utosheke, kishawishi ni kushika sahani pale pale mlangoni. Hapo ndipo unapoliwa wewe.

1. Uliza kabla hujakaa. Vinywaji vimo kwenye bei? Kodi na ada ya huduma je? Kuna kikomo cha muda? Sehemu nyingi huweka saa moja na nusu au mbili.

2. Zunguka ukumbi mzima mikono mitupu. Ukishindwa hatua nyingine zote, shika hii. Mara nyingi utakuta mikate, saladi, wali na viazi vimetangulia, vimejaa tele, na kijiko chake ni kikubwa. Vyenye gharama, kama kamba, kaa na nyama ya kuoka, viko mbali, na nyama ina mpishi wake mwenye kisu. Yule hayupo kwa mapambo tu. Ndiye anayeamua unene wa kipande. Zungumza naye. Mwambie unataka pembeni palipoiva sana au katikati penye wekundu, na ukitaka kipande cha pili, rudi bila haya. Funua vifuniko, angalia pia ni meza ipi inapika papo hapo, maana cha kikaangoni kinakishinda kilichokaa kwenye mvuke.

3. Sahani ya kwanza ni ya kuonja. Vijiko vidogo vidogo, vya baridi peke yake. Mchuzi wa moto ukimwagikia samaki wa baridi, umeharibu vyote viwili.

4. Pumzika. Habari ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo.

5. Rudia ulivyovipenda tu, kwa sahani mpya. Iliyotumika iache mezani, mhudumu ataiondoa. Koleo la wote likigusa sahani uliyokwisha kulia, uchafu wako unahamia kwenye chakula cha wengine.

6. Vitamu: chukua viwili, gawaneni.

Maswali ya wanachama

Swali: Nishinde na njaa ili nifaidi?
Jibu: Hapana. Mwenye njaa kali hachagui, atavamia mkate. Kula kitu chepesi mapema.

Swali: Nitajuaje vya baharini ni salama?
Jibu: Cha baridi kinatakiwa kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto zaidi ya 60. Huna kipimajoto, basi tazama: barafu iwe imezunguka chakula, si maji yaliyoyeyuka, na cha moto kitoe mvuke ukifunua. Cha uvuguvugu kipite. Ukiona sinia jipya linaletwa, lisogelee.

Swali: Naweza kufunga kidogo niondoke nacho?
Jibu: Umelipia kula pale. Wakikukamata na mfuko, jitetee mwenyewe.

Swali: Mwanangu ana mzio wa karanga. Nimpeleke?
Jibu: Kwa tahadhari kubwa. Kibao cha jina la chakula hakitoshi, kwa sababu wageni huhamisha vijiko kutoka chombo hiki kwenda kile. Piga simu mapema, na mkifika omba kuonana na mpishi mkuu, si mhudumu tu. Omba sahani ya mtoto ipakuliwe jikoni, kwenye chakula ambacho hakijapelekwa ukumbini. Wakisita kujibu, msile.