Somo: Kuwafundisha watoto wa shule ya msingi ulaji bora, hatua kwa hatua

Masomo mengi ya lishe huishia ubaoni. Mwalimu anachora makundi ya vyakula, wanafunzi wananakili, mtihani unauliza vitamini fulani hupatikana wapi, na mtoto aliyepata alama zote anatoka mapumziko na kula pipi kama kawaida yake. Hakuna cha kushangaza hapo, kwa sababu mtoto wa miaka 7 hawezi kusukumwa na habari za ugonjwa utakaompata akiwa na miaka 50, ilhali ladha iliyo mdomoni mwake anaielewa papo hapo. Kwa hiyo somo hili linatanguliza kuonja, na maelezo yanafuata nyuma.

Hatua ya 1: Fahamu wanachokula sasa

Waombe wanafunzi wachore kila walichokula jana, tangu walipoamka hadi walipolala. Mchoro unafaa kuliko orodha, kwani hata asiyeandika vizuri atashiriki. Michoro hiyo usiisome mbele ya darasa wala usiitolee alama. Mtoto ambaye karatasi yake ina mlo mmoja tu huenda hakupata mwingine, na suala lake linapaswa kufuatiliwa kwa faragha pamoja na uongozi wa shule.

Wakati huohuo, wapelekee wazazi barua fupi ya kuuliza kama mtoto ana mzio wa chakula chochote, ukitaja hasa karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, soya na ufuta. Hatua ya 3 isianze kabla majibu hayajarudi.

Hatua ya 2: Gawanya sahani

Chora duara kubwa. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe nafaka au viazi, na robo iliyobaki iwe vyakula vyenye protini kwa wingi, kama vile maharage, mayai, samaki au nyama. Marekani iliachana na mchoro wa piramidi na kuchukua wa sahani mwaka 2011, na kwa maoni yangu walifanya vyema, maana mtoto hukutana na sahani kila siku. Kwa madarasa ya chini sehemu hizo zinatosha. Majina ya vitamini yanaweza kusubiri.

Epuka kukiita chakula chochote kibaya. Sema kuna vyakula vya kila siku na vyakula vya mara mojamoja, kwa sababu mtoto akisikia kwamba chakula kinachopikwa kwao ni kibaya, ataelewa kwamba anayekipika amekosea.

Madarasa ya juu wanaweza kupewa tarakimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza watoto wa miaka 6 hadi 9 wale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 10 na kuendelea angalau gramu 400. Tarakimu hizo hazina maana hadi mtoto aone mizani: mpe karoti, aziongeze moja baada ya nyingine hadi zifike gramu 350, kisha ajilinganishie na alichokichora katika hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Kuonja

Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika. Chagua chakula kimoja kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi, wakae chini, kisha kila mmoja apewe kipande kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Matunda madogo ya mviringo, kama zabibu, yakatwe kwa urefu ili yasimkabe mtoto.

Utaratibu ni huu: kutazama, kugusa, kunusa, kugusisha ulimi, kisha kuuma. Mtoto anaruhusiwa kusimama katika hatua yoyote, na aliyeuma akashindwa kumeza anaruhusiwa kutema kwa adabu kwenye karatasi. Ruhusa hiyo ya kutema ndiyo inayowapa wengi ujasiri wa kujaribu.

Kwa muda wa zoezi, maneno "kitamu" na "kibaya" yanawekwa kando. Mtoto aeleze anachokihisi: kinateleza, kinakwaruza, kina maji mengi, kina uchungu kwa mbali, kinalia kikivunjika. Andika maneno hayo ubaoni na utashangaa jinsi msamiati unavyopanuka. Kipindi kinachofuata, leta karoti ileile ikiwa mbichi, ikiwa imechemshwa na ikiwa imekunwa. Mtoto aliyeikataa ya kuchemsha mara nyingi hugundua kwamba tatizo lake lilikuwa ulaini wake.

Rudia. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea, na watu wazima hukata tamaa mapema mno. Usitoe pipi kama zawadi ya kula mboga, kwani mtoto atahitimisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo malipo. Muhuri mdogo kwenye daftari kwa aliyethubutu kuonja hauna madhara. Nawe mwalimu, onja pamoja nao. Watakutazama usoni kabla ya kutazama kipande chao.

Hatua ya 4: Pima sukari

Leta chupa tupu ya soda, gilasi inayoonyesha ndani, sukari na kijiko cha chai. Ikiwa lebo inaonyesha gramu 10.6 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 53, na kwa kuwa kijiko cha chai kisichofurika hubeba takriban gramu 4, wanafunzi watahesabu vijiko 13. Wamimine wenyewe, kimoja kimoja, kwa sauti.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, hiyo ni kilokalori 160, sawa na gramu 40 za sukari. Tunda zima halihesabiwi humo.

Hatua ya 5: Nyumbani

Kila mtoto apewe kazi moja ya jikoni isiyohitaji kisu wala moto, kama kuosha mboga au kuchambua maharage. Inatosha.

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, nina mwanafunzi anayekataa kabisa chochote cha kijani, na wenzake wameanza kumwiga. Nimlazimishe?*

Hapana, ndugu mwalimu. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa majukumu hivi: mtu mzima anaamua chakula gani, wakati gani na mahali gani, naye mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mpe kazi ya kugawa vipande au kuandika maneno ya wenzake ubaoni, abaki ndani ya zoezi. Ikiwa anakula vyakula vichache mno au anapungua uzito, mzazi ashauriwe kumwona mhudumu wa afya.

*Shule yetu haina fungu la kununua vyakula. Tufanyeje?*

Vipande ni vidogo, kwa hiyo karoti chache zinatosha darasa zima. Vilevile panda mbegu za maharage kwenye pamba yenye maji. Mtoto hupenda kuonja kilichotoka kwenye mmea alioulea, ingawa maharage yenyewe lazima yapikwe vizuri kabla ya kuliwa, kwani mabichi yana sumu.

*Mimi ni mzazi. Binti yangu anakataa mkate kwa sababu walipimwa uzito mbele ya darasa na kuambiwa mkate unanenepesha. Ni sahihi?*

Pole sana, mama. Si sahihi. Uzito wa mtoto hupimwa na mhudumu wa afya, faraghani, na hutafsiriwa kulingana na umri na urefu wake. Zungumza na mwalimu kwa utulivu, na nyumbani mwonyeshe binti kwamba mkate una nafasi yake katika ile robo ya nafaka. Usijadili uzito wake wala wako mezani.

*Duka la shule linauza pipi na soda tu. Somo litasaidia nini?*

Litasaidia kidogo, usipogusa duka. Anza kwa kuiomba kamati ya shule maji safi ya kunywa yawepo karibu na madarasa, kisha matunda yauzwe na yawekwe mbele, mahali ambapo mtoto anayafikia kwa mkono, na pipi zirudi nyuma ya kaunta.