Jicho na kinga iliyoshuka: mambo ya kuandaa kabla ya kwenda kutibiwa

Usisubiri jicho liume. Kirusi cha CMV hula retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimyakimya, jicho lisiwe hata jekundu. Unaona tu vidoa vyeusi vinaelea, mwanga unamweka, au upande mmoja umefifia. Huwapata hasa wenye VVU ambao CD4, yaani seli za kinga kwenye damu, ziko chini ya 50, na sehemu iliyokufa haifufuki, dawa huokoa iliyobaki. Basi kila wiki ziba jicho moja, soma kalenda ukutani, kisha ziba la pili.

Mkanda wa jeshi hauna subira hata kidogo. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, na hasa kwenye ncha ya pua, jicho limo hatarini: asaikloviri inafaa ianze ndani ya saa 72. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, siku hiyohiyo.

Nakusihi, usitie matone ya kuazima wala ya kubahatisha dukani. Soma chupa: ukiona deksamethasoni au prednisoloni, iache mpaka daktari aseme. Hizo ni steroidi, na kidonda cha hepesi kwenye kioo cha jicho hupanuka zikiingia.

Kabla ya kufunga safari ya hospitali ya Mulago au Mengo mjini Kampala, au Ruharo kule Mbarara, piga simu uulize kama dawa ya CMV ipo na ni kiasi gani, maana ni ghali. Vidonge vya valgansikloviri kwa kawaida ni miligramu 900 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha mara moja kwa siku kwa miezi kadhaa hadi CD4 ipande. Sindano ya ndani ya jicho hutibu jicho hilo tu. La pili na mwili wote hubaki bila kinga.

Beba kitabu chako cha kliniki, majibu ya CD4, na dawa zako zote ndani ya pakiti zake. Valgansikloviri hushusha seli nyeupe za damu, na zidovudini, dawa ya VVU, pia, kwa hiyo damu hupimwa, pamoja na figo zinazoamua kiasi cha dawa. Kama una mimba, sema kabla hujaandikiwa.

ARV, dawa zako za VVU, usiziache. Lakini kama ndiyo kwanza unazianza au unazirudia, taja dalili za jicho kwanza, kwani kinga ikipanda ghafla jicho huweza kuvimba ndani.

Nenda na mtu. Mboni ikishapanuliwa kwa matone utaona ukungu kwa saa kadhaa, na bodaboda siku hiyo aendeshe mwingine.