Kuanza trapu: visahani 25, vituo vitano, na kwa nini hutakiwi kulenga

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba Jumamosi naenda trapu, wanadhani natega sungura. Kumbe ni mchezo wa shotigani, na huku Minnesota ninakoishi umeenea mpaka shule zina timu. Waswahili wengi tunapita nje ya viwanja hivi, tunasikia milio, tunakanyaga mafuta. Mimi nilipita hivyo miaka minne. Haya ndiyo ambayo ningependa kuambiwa siku ya kwanza.

Mchezo wenyewe: mbele yako kuna kibanda kifupi, nusu kimezama ardhini, na ndani yake mtambo. Unaita, kisahani kinafyatuka kikikukimbia kwa kasi ya kilomita 67 hivi kwa saa, nawe unakivunja kabla hakijaanguka. Hujui kitaelekea kushoto, kulia au katikati. Jina limetokana na mitego ("trap" kwa Kiingereza ni mtego), maana zamani walikuwa wanapiga njiwa hai waliofungiwa kwenye visanduku. Ndiyo sababu mpaka leo kisahani huitwa "ndege". Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Ohio, alisajili kisahani chake cha udongo, na njiwa wakapumua. Wengine walichelewa: yule njiwa mhamaji wa Marekani, aliyekuwa akipigwa kwa maelfu kwenye mashindano kama haya, wa mwisho wao alifia bustani ya wanyama ya Cincinnati hiyo hiyo mwaka 1914. Visahani vya leo si udongo tena, ni lami na unga wa chokaa, upana milimita 108.

Hatua ya 1: Makaratasi yako

Ruka sehemu nyingine zote, hii usiruke. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya muda (mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa mkataba) kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, na kuikodi uwanjani kwa nusu saa bado ni kuwa nayo. Kuna misamaha, unaojulikana zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye green card au uraia hana kikwazo hicho. Kama karatasi zako haziko wazi, muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize rafiki yako wa kazini aliyezaliwa hapa. Yeye hajawahi kuhitaji kujua.

Hatua ya 2: Usinunue bunduki

Najua umeshaangalia bei. Acha kwanza. Piga simu klabu iliyo karibu, sema hujawahi kushika shotigani, uliza siku ya wanaoanza. Watu wa trapu wanapenda mno kuazimisha bunduki. Mzee mmoja alinikabidhi yake hata jina langu hajalisikia vizuri. Ukipiga raundi kumi kwa bunduki tofauti, mwili wako utakwambia ipi inakukaa.

Utakapofika wakati wa kununua: geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), mtutu wa inchi 28 mpaka 32, choki (mbano wa mdomo wa mtutu) ya kubana kiasi au ya kubana kabisa kwa sababu kisahani utakivunjia mbali, mita 30 hivi. Remington 870 ya kupampu, ile unayovuta na kusukuma mshikio wa mbele kutia risasi nyingine, inatosha kabisa kuanzia. Wakikucheka kwa kuwa haina nakshi, waache wacheke.

Risasi chagua nyepesi, za gramu 28 au chini, marisau (vile vidonge vidogo vya ndani ya risasi) namba 8 au 7½. Boksi lina risasi 25 na raundi ina visahani 25, kwa hiyo hesabu haikusumbui: boksi moja, raundi moja.

Hatua ya 3: Usalama

Utavaa miwani na viziba masikio hata ukiwa mtazamaji, maana vipande vya kisahani huruka. Bunduki inabaki wazi, bila risasi, mpaka usimame kituoni, yaani mahali pako pa kupigia. Unatia risasi moja tu, na unafunga ukiwa umeelekeza mtutu uwanjani. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka bunduki iwe begani. Ukigeuka kuongea na mwenzako nyuma, mtutu usigeuke nawe. Hilo ndilo kosa la wageni, na watakukemea bila kukuonea haya.

Mambo mawili watu huyasahau. La kwanza: usichanganye risasi za geji 20 na za geji 12 mfukoni. Ile ya 20 ikitiwa kwenye mtutu wa 12 inateleza na kukwama mbele. Ukidhani hukutia kitu, ukaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mikononi mwako. Ndiyo maana za geji 20 hutengenezwa kwa ganda la njano. La pili: risasi ikigoma, usifungue haraka. Elekeza mtutu uwanjani, hesabu mpaka thelathini, ndipo ufungue. Na ikilia "pfuu" kinyonge badala ya mlio wa kawaida, simamisha kila kitu, toa risasi, chungulia mtutu kama kuna kilichobaki ndani.

Hatua ya 4: Jua jicho lako

Nyoosha mikono, unganisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili. Sasa fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kitu hakitoki kwenye kitundu, hilo ndilo linaloongoza. Likiwa upande mmoja na bega unalopigia, bahati yako. Likiwa la upande wa pili, soma maswali hapo chini kabla hujamlaumu mwenye bunduki.

Hatua ya 5: Bega na shavu

Kwa anayetumia mkono wa kulia: mguu wa kushoto mbele, goti la mbele limelegea kidogo, uzito mwingi mguu wa mbele, kama mtu anayetaka kusukuma mlango mzito. Leta bunduki kwenye shavu kwanza, kisha bega lije kuipokea. Wengi tunafanya kinyume, tunaiweka begani halafu tunainamisha kichwa kuifuata. Kitako kikae ndani ya kile kishimo kati ya bega na kifua. Nilikiweka juu ya mkono siku ya kwanza. Nikarudi nyumbani na jeraha la zambarau lenye umbo la kitako kabisa, mke wangu akauliza kama nimepigana.

Sasa lile la kwenye kichwa cha habari. Kama ulipitia JKT au mgambo, ulifundishwa kulenga shabaha: fumba jicho, panga ncha ya mtutu na alama, shika pumzi. Sahau. Kisahani hakikusubiri. Shotigani inatoa marisau kama 400 yanayotawanyika, na unaipeleka kwa mkono unaofuata jicho, vile mama anavyokunyooshea kidole ukipita na sufuria yake. Haangalii kidole, anakuangalia wewe. Ukiangalia kile kishanga cha mbele ya mtutu hata kufumba na kufumbua, mtutu unasimama na kisahani kinakwenda zake. Macho yote wazi, yako kwenye kisahani, tena kwenye ukingo wake wa mbele.

Hatua ya 6: Raundi

Watu watano, vituo vitano, mita 15 hivi nyuma ya kibanda. Kila mmoja anapiga kwa zamu, kisahani kimoja kimoja, mpaka kila mtu amalize vitano. Mwandishi wa alama anatangaza kubadilishana, mnafungua bunduki, mnasogea kulia. Aliyekuwa kituo cha 5 anazunguka nyuma kwenda cha 1. Mnarudia mpaka kila mtu apate 25.

Kabla ya kuita, elekeza mtutu ukingo wa paa la kibanda: kituo cha 1 kona ya kushoto, cha 3 katikati, cha 5 kona ya kulia. Macho yasibaki hapo, yatupe mbele mita kadhaa juu ya paa, yasubiri. Ita "Pull!" kwa sauti moja, bila kupiga kelele. Usifyatue mara tu macho yanapoona weusi ukipita. Subiri uone ni kisahani, kisha kifuate, kipite kidogo, fyatua huku bunduki bado inatembea. Ukisimamisha mkono wakati wa kufyatua, umepiga mahali kilipokuwa.

Siku yangu ya kwanza nilivunja 6. Cha saba kilitoka kituo cha 3, moja kwa moja, rahisi kuliko vyote, nikanyanyua kichwa nione kinavyopasuka. Hakikupasuka. Mzee aliyesimama kituo cha 4, bila kunitazama, akasema: "Shavu." Neno moja tu. Alilirudia mara tisa jioni ile.

Ukifika 25 kamili kwa mara ya kwanza, klabu nyingi zina desturi ya kukuvua kofia, kuitupa hewani na kuitoboa kwa marisau. Usivae kofia ya bei.

Maswali ya wadau

Mama wa wawili, Brooklyn Park: *Mwanangu wa darasa la saba ameleta fomu ya timu ya trapu. Mimi na bunduki hatupatani. Nimkatalie?*

Dada, hofu yako naielewa, mimi mwenyewe nimelelewa na mama aliyekuwa anafunga redio ikitaja bunduki. Ligi ya shule huku inachukua darasa la 6 hadi la 12, na mtoto haruhusiwi kupiga hata kisahani kimoja bila cheti cha usalama wa silaha. Minnesota anakipata kuanzia miaka 11. Bunduki haziendi shuleni, zinabaki uwanjani na kwa wazazi. Nenda naye jioni moja ukae nyuma ya mstari utazame. Ukiona kocha anaacha watoto wacheze na mitutu, ondoka naye hapo hapo. Na hata akikubaliwa, si lazima ununue bunduki. Uliza ya timu.

Mkono wa kulia, jicho la kushoto: *Nimefanya jaribio lako. Nimekwisha?*

Bado, kaka. Bandika kipande kidogo cha selotepu, ile isiyong'aa, kwenye kioo cha kushoto cha miwani, pale tu jicho linapokutana na mtutu. Jicho litaona mwanga na uwanja lakini halitanyang'anya mtutu. Kama ndiyo kwanza unaanza, fikiria kujifunza kwa bega la kushoto. Wiki tatu za aibu, kisha unasahau.

Mdau wa Columbus: *Kituo cha 3 navunja vyote, cha 5 naambulia kimoja. Kwa nini?*

Miguu. Mwenye bega la kulia akienda kulia mwili unafika mwisho mapema, mtutu unakwama. Kituo cha 5 geuza miguu yote miwili kulia zaidi kabla ya kuita. Mkono utapata nafasi.

Abu Salim, Muscat: *Hii ndiyo ile ya Olimpiki?*

Ni ndugu yake mkali, Abu Salim. Ya Olimpiki ina mitambo 15 kwenye handaki, visahani vinakwenda kasi zaidi, risasi mwisho gramu 24, ila unaruhusiwa kupiga mara mbili. Jirani zenu wa Emirati walipata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki kwa mchezo wa karibu na huu, wa visahani viwili kwa mpigo: Sheikh Ahmed Al Maktoum, Athens 2004.

Mtoto wa Tanga: *Nikirudi bongo naweza kuja na bunduki yangu?*

Usifikirie ni kama kuleta TV. Marekani kutoa silaha nje kuna vibali vyake, na Tanzania utahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anza na polisi huko kabla hujakata tiketi.

Mdau mpya: *Kuna kitu cha kufanya nikirudi nyumbani?*

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, hata karanga za kwenye gari. Marisau mengi ni madini ya risasi na vumbi lake linashika vidoleni. Viatu vya uwanjani viache nje, hasa kama kuna mtoto anayetambaa.