Jinsi ya kuuvusha mpasheni kwenye majira ya baridi

Kila baridi inapokatika naulizwa swali lilelile: mpasheni wangu umekauka, niung'oe? Juzi nimemwelekeza jamaa kwa simu mpaka chaji ikaniishia, basi naandika yote hapa.

1. Ujue ni mpasheni gani. *Passiflora incarnata* hunyauka wote juu ya ardhi ikabaki mizizi, nayo huvumilia baridi ya kugandisha maji bila taabu. *Passiflora caerulea* ukishakomaa hustahimili hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. *Passiflora edulis*, ule wa matunda, haulali usingizi wa kweli, na jalidi kali huumaliza. Huo upandwe kwenye chungu, uingie ndani mapema.

2. Acha mbolea ya naitrojeni kiangazi kinapoisha. Matawi teketeke ndiyo ya kwanza kuungua.

3. Weka mkasi chini. Wengi hupogoa vuli ili bustani ionekane nadhifu. Mimi sikubaliani nao. Matawi makavu hulikinga shina, na kidonda kibichi hakiponi wakati mmea umelala. Maua hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukipogoa machipuko yanapoanza hupotezi kitu.

4. Tandaza. Majani makavu au vipande vya magome, unene wa sentimita 10 hadi 15, bila kugusa shina. Ukitaka kuufunika mmea wenyewe, tumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Plastiki siipendi kabisa: mchana hutoa jasho ndani, usiku jasho hilo huganda juu ya majani.

5. Maji. Hapa ndipo mipasheni mingi hufia, hasa ya kwenye vyungu, na baridi husingiziwa. Mmea usio na majani, au uliopunguza kukua, hunywa kidogo mno. Maji unayoongeza hukaa tu, mizizi inakosa hewa, inaoza. Kibaya zaidi, dalili ya kuoza inafanana na ya kiu: majani hulegea, mwenyewe anaongeza maji.

Kwa hiyo usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili; ukihisi unyevu, ondoka. Juu panaweza kuwa pakavu kama vumbi na chini kumelowa, hasa chungu kikiwa kikubwa kuliko mizizi, kwa hiyo kinyanyue pia: kikiwa kizito, bado kina maji. Ukimwagilia, yaache yachuruzike, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Lakini usiuache udongo ukauke hadi ujitenge na kuta za chungu, kwa sababu mizizi midogo hufa na maji ya baadaye hupita pembeni bila kuingia. Na kama chungu kiko karibu na kifaa cha kupasha nyumba joto, haya yote yanabadilika: udongo hukauka haraka, na hewa kavu huleta utitiri. Geuza majani uangalie chini. Ukiona vitone vya manjano na utando mwembamba, yaoshe kwa maji upande huo. Afadhali kisogezwe penye mwanga mwingi na ubaridi, nyuzi 10 hivi.

Wa ardhini, mvua inautosha. Shida ni udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, na dawa yake ni kuuinulia tuta kabla ya kupanda.

6. Usiung'oe haraka. Kwaruza gome kwa ukucha. Kijani chini yake ni uhai. Kahawia kavu, shuka chini ukwaruze tena, kisha kata juu kidogo ya jicho zima. *Incarnata* hautakuonyesha kitu juu, na huchelewa kuamka hadi udongo upate joto, pengine ukaibukia mbali na shina la zamani. Weka kijiti cha alama usije ukapalilia hapo.

Kama *edulis* wako umebebeshwa kwenye shina la *caerulea*, tazama machipukizi ya chini ya kiungo. Jani la *edulis* uliokomaa lina ndimi tatu; la *caerulea* kwa kawaida tano. Ukiona yenye majani ya ndimi tano, hayo ni ya *caerulea*; yang'oe yangali madogo.