Somo: Kuuza maharagwe kwa kikundi, kutoka gorogoro hadi lori

Habari za jioni, wakulima wenzangu. Somo hili niliwaahidi tangu wakati wa palizi, na sasa maganda yameanza kukauka shambani, kwa hiyo nisipoandika leo nitakuwa nimewachelewesha. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa maharagwe upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya. Sina digrii ya kilimo. Nina daftari la misimu sita pamoja na makosa yote yaliyomo.

Nianze na kosa lililotuuma zaidi. Msimu wa pili tulipata mnunuzi mwenye lori. Akachomeka bambo kwenye gunia la kwanza, kile chuma chenye mfereji, akajimiminia kiganjani: aina tatu za maharagwe, Rosecoco, Wairimu na Mwitemania, pamoja na punje mbili za mahindi. Akatuangalia, akasema, "Hii ni githeri, imebaki kupikwa tu." Lori likaondoka tupu. Jioni hiyo hiyo mabroka, wale madalali, wakaja na gorogoro zao, mikebe ya kupimia nafaka, na bei wakapanga wao.

Hatua ya kwanza: mbegu moja

Kabla ya kuandika jina la kikundi, kubalianeni mtapanda aina gani. Mnunuzi wa tani haulizi nyinyi ni wangapi, anauliza mna magunia mangapi ya aina moja. Ulizeni soko kwanza, halafu udongo. Rosecoco, ambayo wataalamu huiita GLP 2, inajulikana na kila mpishi. Nyota kutoka KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, inakomaa mapema na ina madini ya chuma kwa wingi. Chuo Kikuu cha Egerton, jirani zetu hapa Njoro, kilitoa Chelalang, Tasha na Ciankui. Ndugu zetu wa Vihiga na Kakamega, adui yenu mkubwa ni kuoza kwa mizizi, na kituo cha utafiti cha Kakamega kilitoa KK8 na KK15 kwa sababu hiyo. KK15 ni nyeusi, na wanunuzi wengine huikunjia uso. Afadhali mjue hilo mapema kuliko siku ya lori.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa sitakaa sana. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Andikeni katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, na tafadhali wasiwe watu wa boma moja. Ushirika nao huanza na watu 10, lakini una hesabu za kukaguliwa na masharti mengi zaidi. Sisi tulikaa misimu mitatu kama kikundi kwanza, na sijutii.

Hatua ya tatu: mizani na daftari

Cheti kikitundikwa ukutani hakipimi kitu. Mizani ndiyo kikundi.

Tulipochanga tukanunua mizani ya kuning'iniza, jaribio la kwanza lilikuwa kupima gorogoro ya broka. Mnajua anavyojaza: anamimina, anatikisa mkebe, anamimina tena mpaka kunatokea mlima, kisha anaukingia mkono ili punje zisimwagike. Tulimwomba mama mmoja ajaze vile vile, tukamimina kwenye mfuko, tukauning'iniza. Ile tunayoiita kilo mbili ilisoma kilo mbili na robo, na sindano bado ilikuwa inasogea. Kwa gunia la kilo 90, mkulima anayelipwa kwa gorogoro za namna hiyo analipwa 40 badala ya 45. Gorogoro tano zimekwenda na mlima. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi alisimama, akaomba apimiwe tena.

Tangu siku hiyo kila mzigo hupimwa mwenyewe akiona. Tunaandika tarehe, jina, aina, uzito na uchafu uliotolewa, anatia sahihi, anapewa risiti. Daftari hubaki kwa katibu, funguo za stoo kwa mweka hazina. Asikae na vyote viwili mtu mmoja, hata awe mchungaji.

Hatua ya nne: kukausha, kisha kuhifadhi

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama hamna kipima unyevu, tumieni chupa. Chukua chumvi kavu kabisa na chupa ya glasi iliyo kavu yenye kifuniko. Tia maharagwe kama theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye glasi, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mzigo juani. Isipoganda, mimi bado huongeza siku moja ya jua, maana maharagwe ya kuweka stoo yanataka asilimia 13 au chini.

Wadudu hawaanzii stoo. Mama yao hutaga mayai maganda yakiwa yamekauka shambani, ndiyo maana unafunga gunia safi na baada ya miezi miwili unafungua unga. Magunia ya PICS yana mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Yalianzia Cameroon kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani ya kuhifadhi kunde. Hewa ikiisha ndani, mdudu anakufa bila dawa. Ila ukifungia maharagwe mabichi, utafungua ukungu.

Hatua ya tano: kubisha milango mikubwa

Sasa ndipo vyama vikubwa vinapoingia, na wengi wetu huanzia hapa kimakosa. Cereal Growers Association ni chama cha wakulima kilichoanzishwa 1996, na hufanya kazi na vikundi vya wakulima wadogo. Eastern Africa Grain Council ilianza 2006 na ina wakulima, wafanyabiashara na wasagishaji chini ya paa moja, na inafuatilia bei za masoko ya kanda. Upande wa mbegu kuna PABRA, mtandao wa utafiti wa maharagwe Afrika ambao nao ni wa 1996. Hakuna hata kimoja kitakachokuja kukunulia gunia lako. Watakupa mafunzo, habari za bei, njia ya kuwafikia wanunuzi. Ukienda na daftari linaloonyesha tani zako za misimu miwili, mazungumzo huwa mafupi.

Maswali ya wanachama

Kutoka Bungoma: Katibu, shikamoo. Kwetu shida ni wanachama wenyewe. Tunakubaliana kuweka pamoja, usiku broka anapita, asubuhi stoo haina kitu. Tuwapige faini?

Marahaba, mama. Tulijaribu faini, tukapoteza wanachama wanne na broka akawapata wote. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeuza kwa ubaya: karo, hospitali, matanga. Mtu hawezi kusubiri lori wiki sita na mtoto amerudishwa nyumbani. Kwa hiyo sasa akileta mzigo anatumiwa nusu ya bei ya siku hiyo kwa M-Pesa, nyingine baada ya mauzo. Pesa hizo tunazitoa kwenye akiba yetu ya kila mwezi. Mabroka hawajakwisha, lakini sasa wanapata kidogo. Pia mfuatilie mfumo wa stakabadhi za maghala, sheria yake ni ya 2019: unaweka mazao kwenye ghala lililoidhinishwa, na stakabadhi unayopewa unaweza kuombea mkopo.

Kutoka Ahero: Sisi ni ndengu, si maharagwe. Somo linatuhusu?

Linawahusu, ndugu yangu. Badilisheni aina tu. Ndengu zenu zivuneni kwa awamu, maana maganda hayaivi pamoja.

Kutoka Vihiga: Hizi ada za vyama zinarudi lini kwa mkulima? Naona ni kulipia mikutano ya hoteli.

Dada, hasira yako naielewa. Lakini tazama Saskatchewan kule Kanada. Mkulima wa dengu (lentils, si ndengu zetu) akiuza, mnunuzi hukata asilimia ndogo na kuipeleka kwa chama cha wakulima wa jimbo hilo. Sehemu ya pesa hizo imekuwa ikilipia utafiti wa mbegu katika chuo kikuu cha huko, na mbegu zinarudi kwa wakulima wale wale. Makato yanaonekana kwenye risiti na bodi inachaguliwa na walipaji. Chama kikikuomba ada, ulizia vitu hivyo viwili. Kikikosa, baki na pesa zako.

Kutoka Molo: Kuna mtu anataka tupande zao moja la kuuza nje, anasema soko ni la uhakika. Una maoni?

Muulize kuhusu mbaazi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kuingiza nchini mwake, na bei za Afrika Mashariki zikaanguka, mbaazi zikibaki kwenye maghala ya Tanzania. Msumbiji ilikuwa imetia sahihi makubaliano na India mwaka uliotangulia, kwa hiyo ilibaki na mlango. Pandeni hilo zao, lakini maharagwe yanayoliwa hapa hapa Nakuru msiyaache. Shule hununua maharagwe kila muhula. Tahadhari moja: kuna shule ilitulipa baada ya mihula miwili. Siku hizi tunaandikiana tarehe ya malipo kabla ya kupakua.

Kutoka Kakamega: Hilo bambo mlilipata wapi?

Letu tulitengenezewa na fundi wa jua kali. Alichukua bomba jembamba la chuma, akalikata mshazari upande mmoja, akalipiga tupa mpaka likachongoka bila kuchana gunia. Nenda na gunia kuukuu, mjaribu hapo hapo kabla hujamlipa.