Anza na Jumamosi: Namna ya Kuipanga Wiki Iliyojaa kwa Mkazi wa Mbeya

Wengi wetu tukikaa kupanga wiki huanza na Jumatatu, tukaandika saa za kazi, kisha tukashuka siku baada ya siku hadi kufika mwisho wa ukurasa tukiwa tumekwisha kuchoka. Kwa mkazi wa Mbeya mwenye ajira, watoto wa shule na dhamana fulani kanisani, ningeshauri aanze na Jumamosi, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo watu wengine wamekwisha kukupangia kabla wewe mwenyewe hujakohoa. Vikao vya harusi huitishwa Jumamosi, harusi zenyewe hufungwa Jumamosi, kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, hukutana Jumamosi, na kwaya itakayoimba kesho yake hufanya zoezi la mwisho Jumamosi jioni. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi kuna usafi wa mazingira. Ongeza nguo za kufua, debe la mahindi linalosubiri kupelekwa mashine, na ahadi uliyowapa watoto ya kuwapeleka kuona Ziwa Ngosi.

Kwa hiyo Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba imetulia, kaa na mwenzi wako mkiwa na daftari na muandike mambo yote yanayoangukia Jumamosi ijayo. Kisha kwa kila jambo jiulizeni kama kweli ni la Jumamosi, au limefika hapo kwa mazoea tu. Kufua ni mazoea, na kusaga mahindi na kwenda soko la Mwanjelwa kununua mahitaji ya wiki ni vivyo hivyo. Haya matatu, yote au sehemu yake, yakihamishiwa katikati ya wiki, Jumamosi huanza kupumua. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuahidi kuwa mahali patatu katika Jumamosi moja, kwenye kikao cha harusi mtaa wa Forest, kwenye zoezi la kwaya, na kwa mama mkwe Tukuyu, na jioni ilipofika kote pale nilikuwa nimechelewa na mama mkwe alikuwa amekwisha kufunika chakula.

Kuhusu kufua, hali ya hewa ya huku kwetu ina sauti kubwa kuliko ratiba yoyote. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua mara nyingi huja mchana, na nguo zilizoanikwa saa sita zikikutwa na mvua zitakaa siku mbili zikinuka unyevu. Ni afadhali kufua mara mbili kwa mafungu madogo, moja Jumatano na jingine mapema Jumamosi, na kuanika kabla ya saa mbili asubuhi. Sare ya pili ya shule si anasa, na sweta la pili ni la lazima zaidi, kwani wakati wa mvua sweta ndilo la mwisho kukauka, na katika baridi ya Juni na Julai hakuna mzazi atakayemtoa mtoto nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila sweta.

Jikoni, kazi kubwa ni maharage, maana ndiyo yanayokula muda na mkaa. Chemsha Jumapili jioni ya kutosha siku tatu, ukiyaacha bila kuunga. Sehemu moja itakuwa mboga ya ugali Jumatatu, nyingine itaingia kwenye kande Jumanne, na inayobaki itasubiri wali wa Jumatano. Yaliyopoa yahifadhiwe kwenye jokofu, na asiye nalo ayachemshe upya kila asubuhi na kila jioni. Sokoni nenda Jumanne au Jumatano ukitoka kazini, wakati hakuna msongamano wa mwisho wa wiki na muuza viazi ana muda wa kusikiliza bei yako.

Safari ya kazini ina ushauri mfupi. Anayeishi Uyole au Mbalizi na kufanya kazi mjini anategemea barabara ile ile inayopitisha malori ya kwenda mpakani Tunduma, na malori hayajui kwamba una kikao saa mbili. Toka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Siku yenye zoezi la kwaya mjini usijaribu kurudi nyumbani kwanza, bali beba koti na kitu cha kutafuna, umalize kiporo cha kazi ofisini, kisha uende zoezini moja kwa moja.

Kanisani ndiko penye ugumu, kwa kuwa huko kazi haziishi na kila anayekuomba anakuomba kwa jina la Bwana. Mtu mmoja anaweza kujikuta yumo kwenye kwaya, jumuiya, idara ya wanawake, shule ya Jumapili na kamati ya ujenzi, na kote huko akawa mtu wa kuomba radhi. Kanuni ninayoifuata ni kuwa na huduma moja tu inayonidai kila wiki, mbali na jumuiya, na kwingine kote kushiriki kwa mchango au kwa kazi ya siku moja inayojulikana. Kinachowaudhi viongozi ni kutafutwa kwako dakika za mwisho. Kukosekana kulikotangazwa mapema wanakuvumilia. Mwambie mwalimu wa kwaya tangu Jumanne: "Shikamoo mwalimu. Jumamosi hii nitasafiri na familia, sitakuwepo zoezini, lakini Alhamisi nitakuja mapema nishike sauti yangu." Maneno hayo yanatosha, usiongeze hadithi ndefu.

Kuhusu Jumapili yenyewe, ibada ya kwanza huikomboa siku, ingawa huwezi kujua itakwisha saa ngapi ikiwa kuna mnada. Waumini wakishatoa mikungu ya ndizi, kuku na madebe ya mahindi kama sadaka, mnada una raha yake na watu hupandishiana bei kwa utani mpaka kuku mmoja akauzwa kwa bei ya wawili. Usiweke miadi yoyote ya saa tano siku hiyo, na uwe na fedha ndogo mfukoni.

Hapo panaingia suala la fedha, ambalo nalo ni sehemu ya ratiba. Mshahara ukiingia, tenga bahasha nne: sadaka na ahadi, hisa za kikundi, michango ya harusi, na msiba. Bahasha ya msiba usiikope kwa ajili ya harusi. Harusi hutoa taarifa miezi mitatu kabla, msiba hautoi.

Kwa sababu hiyo hiyo, acha jioni moja ya wiki bila kitu chochote. Msiba wa jirani ukitokea, jioni hiyo ndiyo ya kwenda kutoa pole na kukaa kidogo na wafiwa, hata kama mazishi utayahudhuria kwa saa chache. Usipotokea msiba, jioni hiyo ni ya madaftari ya watoto, ambayo bila nafasi hiyo hukaguliwa Jumapili usiku kwa hasira.

Matembezi yapangwe mara moja kwa mwezi, yakipimwa kwa muda yanaoumaliza kabla ya nauli. Kama una nusu siku, nenda Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, wilayani Rungwe, na kama wazee wako wako Tukuyu ungeweza kuwasalimia siku hiyo hiyo, maana kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi. Ziwa Ngosi ni la siku nzima. Njia yake hupandia upande wa Isongole na kupita ndani ya msitu hadi ukingo wa kreta, na Machi na Aprili utelezi wake si wa mtoto mdogo. Watoto waishie ukingoni, kwani mteremko wa kwenda majini ni mkali. Wenye watoto wadogo wataona raha zaidi kwenye kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Jiandae kujibu mara kumi kilitoka wapi. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, hupendeza kwa maua kati ya Desemba na Aprili, ambayo ndiyo miezi ya matope, kwa hiyo ulizia hali ya barabara kwanza. Matema, kwenye Ziwa Nyasa, usiibane katika Jumamosi moja. Iachie Pasaka au sikukuu ya Nane Nane.

Ijumaa jioni, kabla ya kulala, chemsha viazi na mayai ya safari, panga viatu mlangoni, jaza chupa ya chai asubuhi yake kabla watoto hawajaamka, na uandike kwenye kundi la kamati ya harusi kwamba kesho hutapatikana hadi saa kumi na moja jioni na mchango wako umekwisha kuutuma kwa mweka hazina. Kisha zima simu.